Seli zinazokua: kwanini inaenda 1, 5, 9, 21, 25, 37, 49, 85 halafu inaongeza 4 tu?

karatasi_ya_miraba:

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaopenda hesabu na kodi za kompyuta. Najifunza Python mwenyewe tu mtandaoni, sasa kuna zoezi limenipeleka kwenye haya mambo ya otomata za seli, yaani una karatasi ya miraba isiyo na mwisho, kila mraba ni seli, seli ama imewaka ama imezima, na kuna kanuni moja inayopiga kwenye seli zote kwa mpigo. Kanuni yangu ni hii: unaanza na seli moja tu iliyowaka katikati. Kila hatua, seli iliyozima inawaka endapo kati ya majirani zake wanne (juu, chini, kushoto, kulia) aliyewaka ni mmoja tu, sio sifuri, sio wawili wala watatu. Na ikishawaka haizimi tena.

Nikihesabu jumla ya zilizowaka kila hatua napata hivi:

1, 5, 9, 21, 25, 37, 49, 85, 89, 101, 113, 149, 161, 197, 233, 341

Picha inayotoka ni nzuri ajabu, inafanana na almasi yenye matundu matundu, lakini hizi namba ndo zinanitesa. Hatua ya 8 inaongeza seli 36 kwa mkupuo halafu ya 9 inaongeza 4. Nne! Halafu inaanza kupanda tena taratibu, inafika hatua ya 16 inaongeza 108, kisha ya 17 inarudi tena 4. Hatua za mwanzo nimehakiki kwa kalamu na kodi iko sawa.

Maswali mawili. Kwanini inapanda na kuporomoka hivi wakati kanuni haibadiliki? Na je kuna njia ya kujua itaongeza ngapi hatua ya 1,000,000 bila kuchora, maana laptop yangu hata haijafika mbali feni inaanza kulia.

bainari_tupu:

Mkuu umeangukia kitu maarufu, hiyo inaitwa otomata ya Ulam-Warburton. Ulam ni Stanislaw Ulam, yule mwanahisabati wa Poland aliyekuwa kwenye maabara ya Los Alamos kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akichezea maumbo yanayokua kwa kanuni fupi kama hizi akitumia kompyuta za wakati ule, na mwaka 1962 akachapisha makala juu yake. Siku nyingine ukipata namba usizozielewa zipeleke OEIS, ile kamusi ya mifuatano ya namba nzima, unaandika namba zako tano sita inakuletea mfuatano wenyewe na kila kinachojulikana kuuhusu. Wa kwako ni A147562. Neil Sloane alianza kukusanya ile mifuatano mwaka 1964 akiwa bado mwanafunzi chuo kikuu cha Cornell, ikawa kitabu mwaka 1973, ikaingia mtandaoni 1996.

Sasa jibu. Usiangalie jumla, angalia nyongeza:

1, 4, 4, 12, 4, 12, 12, 36, 4, 12, 12, 36, 12, 36, 36, 108

Unaona zote baada ya ile 1 ni 4 mara 3 mara 3 mara 3? Idadi ya hizo tatu inatoka kwenye bainari. Chukua namba ya hatua, toa 1, iandike kwa sufuri na moja, hesabu moja ziko ngapi. Zikiwa w, nyongeza ni 4 × 3^(w−1). Hatua ya 8: 8 − 1 = 7, kwa bainari 111, moja tatu, kwahiyo 4 × 9 = 36. Hatua ya 9: 9 − 1 = 8, yaani 1000, moja iko moja tu, unapata 4. Basi.

Hatua yako ya milioni: 999,999 kwa bainari ni 11110100001000111111, moja ziko 12, nyongeza ni 4 × 3^11 = 708,588. Hatua inayofuata, ya 1,000,001, unaangalia 1,000,000 ambayo ni 11110100001001000000, moja ziko 7, nyongeza 2,916. Kutoka laki saba hadi elfu mbili mia tisa kwa hatua moja, na feni haijalia.

karatasi_ya_miraba:

Aisee!! Nimeijaribu kwenye hatua zote nilizonazo inakubali. Ila mkuu sasa umeniongezea swali, seli zenyewe hazijui bainari, kila moja inaangalia majirani wanne tu basi, hizo moja na sufuri zinatokea wapi?

mwalimu_wa_zamu:

Hapo ndo penyewe mwanangu, na hilo ndilo swali ambalo watu wengi wanaliruka wakishaona fomula imekubali. Chukua kalamu tuchore.

Katikati iite (0,0). Hatua ya 2 zinawaka (1,0), (−1,0), (0,1) na (0,−1), una msalaba wa seli tano. Sasa itazame (1,1), ile ya pembeni mshazari. Majirani zake waliowaka ni (1,0) na (0,1). Wawili. Haiwaki. Na kwa kuwa hakuna anayezima, hao wawili hawatapungua kamwe, kwahiyo (1,1) imekufa milele, utaendesha kodi yako hadi kesho haitawaka. Ni kama kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili, hakuna atakayejenga. Matundu unayoyaona kwenye almasi yako ndo viwanja hivyo.

Hatua ya 3 kwahiyo zinawaka ncha tu, (2,0) na wenzake watatu, jumla 9. Hatua ya 4 ile (2,0) inazaa tatu, yaani (3,0) mbele, (2,1) juu, (2,−1) chini, na ncha nyingine vilevile, kumi na mbili, jumla 21. Sasa simama hapo uangalie hatua ya 5 nani anaweza kuwaka. (3,1)? Ana (3,0) na (2,1), wawili, amekufa. (2,2)? Ana (2,1) na (1,2), amekufa. Ukizunguka ukingo wote utakuta kila pahali pameshazibwa isipokuwa mbele ya ncha nne, (4,0) na wenzake. Ndo maana unapata 4.

Hilo linajirudia kila hatua ikiwa kipeo cha 2. Hatua ya 4, ya 8, ya 16, ya 32, almasi inajaa inajifunga, mikono yote ya ndani inakuwa imegongana, pumzi inabaki kwenye ncha nne tu. Halafu kila ncha inatoa seli moja mpya, na hiyo seli mpya inaanza maisha kama ile ya katikati ilivyoanza, ila badala ya mikono minne ina mitatu, maana wa nne ungerudi kule ilikotoka na huko pameshajaa. Ncha nne kila moja mikono mitatu, mikono 12, mwanzo ilikuwa mikono 4. Kwahiyo kipande cha pili ni marudio ya kipande cha kwanza kikizidishwa mara tatu, hadi kipeo kinachofuata. Ndo hiyo 3 ya kwenye fomula.

Na bainari? Kila moja kwenye ile namba ni kipeo cha 2 ulichokivuka ukaanza upya na mara tatu nyingine. Ulivyovuka 8 umepata tatu moja juu ya yale yaliyokuwepo, ukivuka 4 ndani yake tatu nyingine. Seli hazijui bainari, ila kufungwa kwa almasi kunatokea kwenye vipeo vya 2 na sisi tunaoandika namba za hatua ndo tunaiona.

karatasi_ya_miraba:

Shikamoo mwalimu. Nimechora, nimeelewa, hadi nimeipaka rangi nyekundu (1,1) na ndugu zake. Asante sana.

mwalimu_wa_zamu:

Marahaba. Zipake na za almasi ya 16, utaona mpangilio.

bainari_tupu:

Mwalimu kamaliza, mimi niongezee jumla maana hukuuliza ila utahitaji. Hatua ikiwa kipeo cha 2 jumla ni rahisi, (4 × n² − 1) ÷ 3, jaribu n = 8 upate 85, n = 16 upate 341. Ikiwa sio kipeo, vunja n kwenye vipeo vyake kuanzia kikubwa, kila kimoja ukipige mraba, cha kwanza kizidishe kwa 1, cha pili kwa 3, cha tatu kwa 9, unaendelea hivyo, jumlisha, zidisha 4, toa 1, gawa kwa 3. Mfano 11 = 8 + 2 + 1, unapata 64 + 3×4 + 9×1 = 85, mara 4 ni 340, toa 1 ni 339, gawa kwa 3 ni 113. Angalia kwenye orodha yako namba ya kumi na moja. Kwa n = 100, ambayo ni 64 + 32 + 4, jumla inatakiwa iwe 9,749, endesha kodi yako tuone.

karatasi_ya_miraba:

Imetoa 9749 bila kupungua hata moja 🔥

feni_inalia:

Kuhusu laptop kulia, bila shaka kila hatua unapitia gridi nzima mraba kwa mraba, acha hiyo. Weka seli zilizowaka kwenye seti, na weka orodha ya pembeni ya zile zilizowaka hatua iliyopita tu. Hatua inayofuata angalia majirani wa hao wapya peke yao. Sababu ni kwamba seli yenye jirani mmoja tu aliyewaka, kama huyo jirani angekuwa wa zamani basi na yenyewe ingekuwa imeshawaka tangu hatua iliyofuata baada yake, haiwezi kuwa ilikuwa inasubiri. Kwahiyo kitu chochote kipya lazima kiguse kitu cha hatua iliyopita. Ukiandika hivyo hatua elfu moja zinapita unakunywa chai, na kwenye hatua kama ya 514 kodi inagusa seli chache sana kwa sababu zilizowaka hatua iliyopita, ya 513, ni nne tu.

kijiti_cha_meno:

Nyie mnaongelea miraba, kuna ndugu yake ambaye mimi naona ni mtamu zaidi, ule wa vijiti vya kuchokonolea meno. Unaweka kijiti kimoja wima mezani. Halafu kila ncha ya kijiti isiyogusa kijiti kingine unaiwekea kijiti kipya kimelala msalaba, katikati ya kijiti kipya ndo inakaa kwenye ile ncha. Unarudia. Vijiti jumla:

1, 3, 7, 11, 15, 23, 35, 43, 47, 55, 67, 79, 95, 123, 155, 171

Huu ni A139250, ameuleta Omar Pol, na mwaka 2010 yeye na David Applegate na Sloane mwenyewe wakatoa makala nzima juu yake na juu ya ndugu zake ikiwemo hiyo ya Ulam-Warburton. Na wenyewe unajifunga kwenye vipeo vya 2, angalia 3, 11, 43, 171, ila sio kufunga kama miraba, maana hapa nyongeza haiporomoki mara moja. Nyongeza zake ni 1, 2, 4, 4, 4, 8, 12, 8, 4, 8, 12, 12, 16, 28, 32, 16. Hatua ikiwa kipeo cha 2 nyongeza ni hiyohiyo namba ya hatua, 8 kwa 8, 16 kwa 16. Ikiwa katikati, mfano hatua ya 14, toa 8 ubaki na 6, chukua nyongeza ya 6 mara mbili ujumlishe nyongeza ya 7, 2×8 + 12 = 28. Kwahiyo huwezi kuhesabu moja za bainari ukamaliza, inabidi urudi nyuma hatua kwa hatua, inakula kichwa kidogo lakini kompyuta haijali.

Chora kwa mkono angalau hadi vijiti 43, hutajuta, vinatoka vistatili vya kila namna.

nyuzi_tisini:

Na kwa asiyependa picha ya pande mbili, kuna ya mstari mmoja. Kanuni ya 90: safu mpya, seli inawaka ikiwa kati ya jirani wa kushoto na wa kulia kwenye safu ya juu kawaka mmoja tu. Anza na moja. Zilizowaka kila safu: 1, 2, 2, 4, 2, 4, 4, 8. Hizo ni 2 kwa kipeo cha idadi ya moja za bainari, safu ukianza kuzihesabu na sufuri. Na picha yake ni pembetatu ya Pascal ukiweka alama kwenye namba witiri tu na kuacha shufwa wazi. Yaani yule yule wa shuleni.

kanuni_thelathini:

Wakuu naona uzi umegeuka kama bainari inafungua kila mlango, niwapoze kidogo. Hizo zote mlizoleta ni za upole, zinajirudia zenyewe ndani yake. Chukua kanuni ya 30 ya Stephen Wolfram, yule mwanasayansi wa kompyuta, mstari mmoja vilevile, unaanza na seli moja vilevile, kanuni fupi vilevile: seli mpya inawaka ikiwa ama jirani wa kushoto kawaka, ama kati ya yenyewe na jirani wa kulia kawaka angalau mmoja, lakini sio yote mawili kwa pamoja. Zilizowaka kila safu: 1, 3, 3, 6, 4, 9, 5, 12. Mwanzo unaona 3, 6, 9, 12 unasema ahaa, unaenda safu mbili mbele unakuta 12 tena, mpango umekufa. Mwaka 2019 Wolfram aliweka zawadi za jumla ya dola 30,000 kwa maswali matatu kuhusu safu wima moja tu ya katikati, mojawapo likiwa je, ile safu wima haijirudii milele.

kijiti_cha_meno:

Sawa lakini hata hizi "za upole" zina ukaidi wake. Gawanya jumla kwa mraba wa hatua, utategemea inatulia kwenye namba moja kadiri unavyoenda mbali, si umbo linakua kila upande? Haitulii. Kwenye miraba ya mleta uzi, ukiwa kwenye vipeo vya 2 inakaribia 4/3, lakini katikati inashuka, hatua ya 100 ni 9,749 kwa 10,000 kama mlivyoona, hatua ya 23 ni 489 kwa 529 yaani 0.924, na huko mbali inashuka hadi karibu na 0.9026 halafu inapanda tena 4/3, milele na milele. Vijiti navyo vinacheza kati ya 2/3 na 0.4513. Angalia vizuri hizo namba nne, za vijiti ni nusu ya za miraba, juu nusu, chini nusu, wakati kanuni hazifanani kabisa.

kanuni_thelathini:

Hiyo ya nusu nakuvulia kofia.

karatasi_ya_miraba:

Uzi umekuwa mtamu kuliko zoezi lenyewe. La mwisho wakuu: nimebadili kodi nikaweka majirani nane badala ya wanne, yaani na wa mshazari, kanuni ile ile ya mmoja tu. Inatoa 1, 9, 13, 33. Naona mwanzo umekaa kinyume, inaruka kwanza halafu inasinzia. Ndo ile ile mara tatu au ni kitu kingine?

mwalimu_wa_zamu:

Kalamu tena. Hatua ya 2 wote nane wanawaka, una mraba wa 3 kwa 3. Hatua ya 3, chukua (2,0), anagusa (1,−1), (1,0), (1,1), watatu, amekufa. (2,1) anagusa (1,0) na (1,1), amekufa. Kwenye mzunguko wote huo anayegusa mmoja tu ni wa kona, (2,2), anagusa (1,1) peke yake. Kona nne, 13. Hatua ya 4 kila kona iko huru upande wa nje, (2,2) inazaa (3,1), (3,2), (3,3), (2,3) na (1,3), tano, mara kona nne ni 20, jumla 33. Kwahiyo hapa kinachotoka kwenye ncha sio nakala ya mwanzo iliyokatwa mkono mmoja kwa usafi kama kule, ni nane mwanzo, tano baadaye, na matawi jirani yanagusana mshazari mapema. Fomula fupi ya kuhesabu moja usiitegemee. Jaribu njia ya vijiti ya kurudi nyuma, nyongeza za hatua ya 5 hadi ya 8 ziweke hapa tuzione pamoja na picha.